Skatingi na "Ubao wa Chini ya Ukuta": Uhakiki wa Istilahi Moja ya Ujenzi

Utangulizi

Nyumba ikisha kupigwa lipu na sakafu yake kusawazishwa, hubaki mstari mmoja ambao hakuna fundi apendaye kuuacha wazi, nao ni ule wa mahali ukuta unapokutana na sakafu. Lipu huishia hapo bila kunyooka sawasawa, na saruji ya sakafu nayo hukomea hapo hapo. Baada ya miezi michache ufa mwembamba hujitokeza, ukawa njia ya vumbi, sisimizi na mende. Kwa sababu hiyo mafundi hukifunika kiungo hicho kwa ukanda mwembamba unaozunguka chumba kizima isipokuwa penye mlango. Ukanda huo wao huuita skatingi.

Wafasiri wetu, kwa upande wao, hawajakubaliana juu ya jina lake. Katika rasimu za mikataba na orodha za vifaa vya ujenzi kitu hicho kimoja hupewa majina kadha wa kadha: "ubao wa sketi", "ubao wa chini ya ukuta", "ubao wa pembeni", "kingo za sakafu". Yamkini msomaji atauliza kama jambo dogo namna hii lastahili kuchukua kurasa za jarida. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba lastahili, kwa kuwa makosa yaliyomo katika majina hayo manne ndiyo yanayokutwa katika sehemu kubwa ya istilahi zetu za ufundi, na hasara yake huwaangukia watu wasiokuwapo pale majina yanapotungwa.

Mfano tutakaoutumia ni nyumba ya mwalimu kijijini katika Mkoa wa Singida. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, katika miaka ya karibuni nyumba za walimu, madarasa na zahanati nyingi nchini zimejengwa au kukarabatiwa na mafundi wa mahali, chini ya usimamizi wa kamati za wananchi, badala ya kazi hiyo kupewa makandarasi wakubwa. Katika utaratibu huo fundi, mtunza ghala, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati hawana budi kuisoma hati ile ile moja na kuielewa kwa namna moja. Pili, hali ya hewa na wadudu wa Singida huitahini istilahi hii kwa njia ambayo meza ya mfasiri haiwezi kuitahini.

Kitu kabla ya jina

Anayetunga istilahi hana budi akijue kitu kabla ya kukitafutia jina. Skatingi ina kazi tatu. Ya kwanza ni kukificha kiungo cha ukuta na sakafu. Ya pili ni kuukinga mguu wa ukuta na ufagio, maji ya kupigia deki, miguu ya viti na viatu vya watoto. Ya tatu ni kukipa chumba umalizio unaoridhisha macho. Kimo chake aghalabu huwa kati ya milimita 75 na 150, na kile cha milimita 100 ndicho kilichozoeleka.

Tuitazame sasa nyumba ya Singida. Nyumba ya jadi ya Wanyaturu, ya Wanyiramba, na ya Wagogo wa upande wa Manyoni, ni tembe, yaani nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa lililofunikwa kwa udongo. Ndani ya tembe ukuta na sakafu ni udongo mmoja, uliokandikwa na kusiribwa kwa mikono ile ile. Mguu wa ukuta ukichubuka, husiribwa upya pamoja na sakafu. Baina ya hivyo viwili hapahitajiki kitu cha tatu. Jambo hili lina maana kwa kazi yetu, kwa sababu utaratibu uliozoeleka wa kutafuta istilahi hutuelekeza tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha twende kwenye lugha nyingine za Kibantu, na hatimaye lugha za mbali. Utaratibu huo ni mzuri, walakini nyumba isiyokuwa na kiungo cha kufunika haina sababu ya kuzaa jina la kifuniko. Anayekwenda Unyaturu kulitafuta neno la skatingi ndani ya tembe anauliza swali ambalo tembe haikupata kuulizwa.

Haja ya skatingi ilikuja na nyumba ya tofali, lipu na sakafu ya saruji. Hapo ndipo ukuta na sakafu vilipokuwa kazi mbili za siku mbili tofauti, kila moja ikikauka na kusinyaa kwa wakati wake, na ufa ukapata mahali pa kutokea. Fundi seremala akiwa na mbao za mninga kutoka misitu ya miombo ya upande wa Manyoni, au mbao laini za misindano kutoka mashamba ya miti ya Sao Hill huko Mufindi, anaweza kuutengeneza ukanda huo kwa ubao. Lakini Singida ni nchi kavu. Mvua zake huwa za msimu mmoja, na tangu Mei hadi Novemba ni kiangazi kirefu. Ubao uliofungwa wakati wa mvua bila kukaushwa sawasawa husinyaa kiangazi, ukaachana na ukuta, na ule ufa uliokusudiwa kufichwa ukaonekana tena. Tena kuna mchwa. Mchwa hutoka chini ya sakafu wakaula ubao kwa nyuma, upande usioonekana, hata siku moja mtu anayesogeza kabati akaona kidole chake kimezama ndani ya rangi tupu.

Kwa sababu hizo mafundi wengi huacha ubao, wakaujenga ukanda huo kwa saruji na kuumalizia kwa niru pamoja na sakafu, au wakaubandika kwa vipande vya vigae vilivyokatwa. Vyote hivyo, vya ubao, vya saruji na vya vigae, kwa mafundi ni skatingi. Zipo pia shule na zahanati ambazo sehemu ya chini ya kuta zake hupakwa rangi ya mafuta iliyokoza ili uchafu usionekane. Rangi hiyo hufanya kazi inayokaribiana na ya skatingi, lakini fundi haiiti skatingi, kwa kuwa haifuniki kiungo chochote. Basi mafundi, bila kuitisha mkutano, wamekwisha kuipambanua dhana hii kwa usahihi: skatingi hujulikana kwa mahali pake na kazi yake, wala haijulikani kwa kitu ilichotengenezewa.

Uhakiki wa tafsiri zilizopo

Tuanze na "ubao wa sketi". Hii ni tafsiri ya neno kwa neno. Waingereza walipouona ukanda huu walikumbuka upindo wa chini wa vazi, wakauita kwa jina la vazi hilo. Hayo ni macho yao. Wahispania huuita "rodapié" na Wareno "rodapé", majina yanayoutaja mguu. Wajerumani huuita "Fußleiste", yaani ukanda wa mguuni. Waitaliano waliukumbuka ufagio, wakauita "battiscopa", kwa kuwa hapo ndipo ufagio unapogonga. Wafaransa huuita "plinthe", neno ambalo asili yake ni la Kiyunani lenye maana ya tofali. Mataifa hayo ni jirani, na mafundi wao wamefundishana kazi kwa karne nyingi, lakini kila lugha ilikitazama kitu chenyewe, haikulitazama jina la jirani. Kwetu sisi sketi ni vazi, basi. Mwanakamati anayesoma "ubao wa sketi" hana njia ya kufika kwenye mguu wa ukuta ila apite kwanza Uingereza, na safari hiyo hatukuwa na haki ya kumtwisha.

"Ubao wa chini ya ukuta" umetungwa kwa nia njema, kwani umejaribu kueleza. Lakini umeeleza kitu kingine. Kwa Kiswahili, "chini ya kitanda" ni uvunguni, na "chini ya meza" ni mahali meza inapofunika. Kwa hiyo "ubao wa chini ya ukuta" ni ubao ulioubeba ukuta. Fundi asomaye maneno hayo ana haki ya kuuliza kama nyumba itajengwa juu ya mbao badala ya msingi. Mtunzi alikusudia "ubao wa ukutani upande wa chini", na tofauti ya maneno hayo madogo, "chini ya" na "chini", ni tofauti ya kitu kilichomo ndani ya msingi na kitu kinachoonekana sebuleni.

"Ubao wa pembeni" una kosa la kutosema ni pembeni mwa nini. Nyumba ina ubao mwingine wa pembeni, ule unaofunga ncha za kenchi kuzunguka paa, ambao mafundi huuita fishabodi. Fishabodi iko juu na nje, inapigwa na jua na mvua. Skatingi iko chini na ndani. Upana wa mbao zake si mmoja, wala bei si moja. Hati inayosema "ubao wa pembeni mita 50" inamwachia fundi achague ni ubao upi.

"Kingo za sakafu" limeliepuka neno "ubao", na hapo mtunzi wake amewazidi wenzake. Hata hivyo ameitoa skatingi ukutani akaihamishia sakafuni. Fundi wa vigae akielezwa habari za kingo za sakafu ataelewa safu ya mwisho ya vigae vya chini, labda vya rangi tofauti, vinavyozunguka chumba kama urembo. Ataifanya kazi hiyo kwa uaminifu wote, na ukuta utabaki bila kitu.

Majina matatu kati ya hayo yamejifunga kwenye "ubao". Neno hilo lina shida mbili zaidi. Kwanza, katika hati za shule "ubao" una maana nyingine inayojulikana na kila mtoto, yaani ule wa kuandikia darasani. Mkataba mmoja ukichanganya ukarabati wa madarasa na wa nyumba ya mwalimu, mbao za namna mbili hukutana katika orodha moja. Pili, ubao huhesabiwa kwa idadi, hali skatingi hupimwa kwa urefu. Tuchukue chumba cha mita 4 kwa mita 3, chenye mlango mmoja wa sentimita 90. Mzunguko wake ni mita 14; ukitoa mlango, skatingi inayohitajika ni mita 13.1. Ikiwa ya mbao za futi 12, ambazo kila moja ni kama mita 3.66, zitatosha mbao 4. Ikiwa ya vigae vya sentimita 40 kwa 40, ambavyo kila kimoja hukatwa vipande vinne vya kimo cha sentimita 10 hivi, zitahitajika vipande 33, yaani vigae 9. Ikiwa ya saruji, hakuna cha kuhesabu kwa idadi kabisa. Kipimo kimoja kinachobaki kweli katika hali zote tatu ni mita 13.1. Orodha iliyoandikwa "mbao 4 za chini ya ukuta" inakuwa haina maana mara kamati inapoamua kutumia vigae kwa kuogopa mchwa.

Kosa la asili la majina yote manne ni moja. Yametungwa kutokana na maneno ya hati ya Kiingereza, hayakutungwa kutokana na kazi. Mtunzi aliuliza neno lina maana gani. Hakuuliza kitu kinakaa wapi, kinafanya nini, kinatengenezwa kwa nini na kinapimwaje. Maswali hayo manne yangeulizwa mapema, "ubao" usingepata nafasi hata kidogo.

Neno la mafundi

Hapana shaka kwamba "skatingi" ni neno la kukopa, na kwamba mkopo huo ulitoka kwa Waingereza. Wapo watakaosema kulikubali ni kuendeleza kasumba, na kwamba lugha yenye utajiri kama Kiswahili haistahili kuomba jina la ukanda wa sentimita kumi. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu imetokana na mapenzi ya lugha.

Jibu la kwanza limo ndani ya nyumba yenyewe. "Dirisha" na "randa" vimetoka Kiajemi. "Meza" ni ya Kireno. "Sakafu" imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya paa au dari. Sisi tumeliteremsha likawa la kukanyagia, kwani katika nyumba za mawe za pwani dari ya chumba cha chini ndiyo sakafu ya chumba cha juu. Hakuna leo anayeyaona maneno hayo kuwa mageni. Yalikaa katika mikono ya watu waliofanya kazi, yakavaa ngeli zetu na matamshi yetu, na mengine yakapata maana ambazo wenyewe wa kwanza hawakuwa nazo.

Jibu la pili ni kwamba mafundi si wavivu wa kubuni. Zege linalotandazwa juu ya kifusi ili kuwa kitako cha sakafu wao huliita "jamvi", kwa kulifananisha na mkeka mkubwa unaotandikwa chini. Hilo ni neno letu, limetungwa bila kamati, na linapendeza kuliko mengi yaliyotungwa na kamati. Na hata wanapokopa, hawakopi kwa upofu. "Lenta" asili yake ni boriti fupi ya juu ya mlango au dirisha, lakini kwa mafundi wetu imekuwa mkanda mzima wa zege unaozunguka kuta za nyumba. Kwa hiyo fundi anapochagua kukopa mahali fulani na kubuni mahali pengine, lipo jambo la kujifunza katika uchaguzi wake. Jamvi alikuwa nalo nyumbani. Skatingi hakuwa nayo, kama tulivyoona katika habari za tembe.

Jibu la tatu ni la uzoefu wa kazi yetu. Wasomaji wa jarida hili wanayajua maneno "ngamizi" na "tarakilishi", wanajua pia kwamba ofisini mwao watu husema "kompyuta". Istilahi inayofika baada ya watu kukipata kitu na kukizoea kwa jina jingine hufika ikiwa imechelewa, na kuchelewa kwake hakuponi kwa kuipiga chapa mara nyingi.

Lakini isieleweke kwamba kila lisemwalo na fundi lipokewe. Mafundi wengine husema "silingi" hali "dari" ipo, inajulikana na wote, na maana yake haina mashaka. Hapo mkopo hauna kazi ya kufanya, na mfasiri hana budi kuliandika "dari". Tunachopendekeza ni kwamba kila neno la mkopo lipimwe kwa maswali matatu. Je, linajulikana na wote wanaokishika kitu hicho, tangu muuza duka hadi mkaguzi? Je, linaitaja dhana nzima bila kuifunga kwenye sehemu yake moja? Je, halina maana nyingine inayoweza kuchanganyika nalo katika hati ile ile? "Silingi" linashindwa hata kabla ya kupimwa, kwa kuwa mahali pake pana mwenyewe. "Skatingi" linapita yote matatu. Wanaohofu kwamba tukilikubali tutakuwa tumefungua mlango wajue kwamba mlango huo una bawabu.

Maneno mawili mazuri yaliyoachwa

Kabla ya kutoa hukumu ilitupasa tuyatazame maneno ya Kiswahili yanayoweza kubeba dhana hii. Mawili yalikaribia.

La kwanza ni "upapi". Hilo ni neno la useremala wa pwani kwa ule ubao mwembamba unaopigiliwa kwenye mlango wa mbao mbili ili kufunika mahali mbao hizo zinapokutana. Kazi yake ni kuficha kiungo, nayo ndiyo kazi ya kwanza ya skatingi. Kwa bahati mbaya katika ujenzi wa leo "papi" ni zile mbao nyembamba zinazopigiliwa juu ya kenchi ili mabati yakae. Orodha ya vifaa vya nyumba moja ingekuwa na papi za paa na papi za ukuta, na mtunza ghala asiyekuwa mwangalifu angetoa zisizohusika. Tena "upapi" unaturudisha kwenye mbao.

La pili ni "pindo". Kila mtu anayeijua kanga anajua kuwa pindo ndilo linalouzunguka mji wake. Upindo wa nguo huficha ncha mbichi za nyuzi na kuzizuia zisifumuke, na sura hiyo inalingana na kazi ya skatingi kwa namna inayopendeza mno. Lingeweza hata kutupatia jozi: pindo la chini kwa skatingi, na pindo la juu kwa ule ukanda wa jasi unaofunika mahali ukuta unapokutana na dari. Halina haja ya "ubao", kwa maana lingekubali pindo la saruji na pindo la vigae bila taabu. Msomaji anayelipenda ana sababu nzuri ya kulipenda.

Hata hivyo tunaliacha, kwa sababu moja tu ambayo kwa maoni yetu inatosha. Katika lugha ya ujenzi, ukuta "uliopinda" ni ukuta mbovu. Ndilo neno linaloandikwa na mkaguzi anapoikataa kazi, baada ya timazi kumwonyesha kwamba ukuta haukusimama wima. Kuliweka "pindo la ukuta" katika mkataba ule ule ambao "ukuta uliopinda" ni sababu ya kutolipwa, ni kupanda ugomvi baina ya fundi na kamati. Istilahi yaweza kuwa nzuri katika kamusi ikawa ya hatari katika mkataba. Na istilahi za ujenzi, kabla ya kitu kingine chochote, ni za mikataba.

Fasili na mapendekezo

Sheria Na. 27 ya mwaka 1967 iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa, na vijitabu vya "Tafsiri Sanifu" vilivyoanza kutolewa mwaka 1974, viliweka msingi wa kazi ya kusanifisha istilahi. Tangu mwaka 2021, sheria zilipofanyiwa marekebisho ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, uzito wa kazi hiyo umeongezeka. Mkataba wa fundi wa kijijini ukileta shauri, litafika Mahakama ya Mwanzo, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kesi hata kabla ya mabadiliko hayo. Hakimu atakayeletewa "ubao wa chini ya ukuta" atalazimika kuamua kwa kukisia, na yeyote atakayeshindwa atakuwa ameshindwa na mfasiri.

Kwa hiyo hatudhani kwamba upungufu mkubwa hapa ni wa jina. Jina lipo. Kinachokosekana ni fasili, na fasili ndiyo sehemu ya kazi ambayo fundi hawezi kuifanya peke yake. Tunapendekeza ifuatayo:

Skatingi (nomino, ngeli ya i-/zi-): ukanda wa mbao, vigae, saruji au kitu kingine kigumu, unaofungwa, kubandikwa au kujengwa kwenye mguu wa ukuta wa ndani, mahali unapokutana na sakafu, ili kuficha kiungo na kuukinga ukuta. Hupimwa kwa mita za urefu, pamoja na kutajwa kimo chake kwa milimita.

Kuhusu tahajia, tunapendelea "skatingi" kwa kuwa ndivyo inavyotamkwa, na irabu ya mwisho inaliingiza katika mkumbo wa maneno yetu. Mfuatano wa konsonanti za mwanzo si mgeni kwetu, kwa maana tunao "skrubu" na "skauti". Vitenzi vyake vifuate kitu kinachotumika: hufungwa ikiwa ya mbao, hubandikwa ikiwa ya vigae, hupigwa ikiwa ya saruji. Sehemu zake zitajwe kwa maneno yetu ya kawaida: uso, mgongo, ukingo wa juu, kona ya ndani na kona ya nje.

Faida ya fasili hii itaonekana katika kifungu cha mkataba. Badala ya "mbao 4 za chini ya ukuta", hati iseme: "Skatingi ya vigae, kimo milimita 100, urefu mita 13.1, ibandikwe baada ya sakafu kukamilika." Ikiwa kamati itachagua mbao, iongezwe: "Mbao ziwe zimekauka; mgongo wake upakwe dawa ya mchwa kabla ya kufungwa; kona za nje zikatwe kwa nyuzi 45." Mwanakamati ambaye hakupata kusomea ujenzi anaweza kuingia chumbani na futi ya kupimia, akapima kimo na urefu, akaitazama kona, na kuomba aonyeshwe mgongo wa ubao kabla haujapigiliwa. Akiona upungufu, anacho kifungu cha kumwonyesha fundi, na fundi anacho kifungu cha kujitetea.

Kwa wafasiri wenzetu, ombi letu ni kwamba kabla ya kulibandika neno jipya kwenye kitu cha ufundi, waende kwenye duka la vifaa vya ujenzi lililo karibu wakaombe kitu hicho kwa neno hilo. Kwa walimu wa vyuo vya ufundi stadi, tunaomba fasili hii ijaribiwe darasani na karakanani, na upungufu wake uandikwe. Kwa watumishi wa halmashauri wanaotayarisha mikataba, tunaomba wasiikwepe skatingi kwa kuogopa kuonekana hawajui Kiswahili.

Bado zipo istilahi nyingine za nyumba zinazongoja kutazamwa kwa njia hii: fishabodi, lenta, blandaringi, na majina ya vifaa vya umeme na vya maji. Wasomaji walioko mikoani, hasa wale wanaoishi na mafundi na kuyasikia maneno yao kila siku, wanakaribishwa kutuletea maneno hayo pamoja na maelezo ya namna yanavyotumika, ili yajadiliwe katika matoleo yajayo.